Mpiga Kura Atarajie Nini kwa Serikali Mpya

Kila baada ya miaka mitano wananchi wa Unguja na Pemba hupanga foleni vituoni kumchagua Rais wa Zanzibar na Mwenyekiti wa Baraza la Mapinduzi, Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi na madiwani wa wadi zao. Matokeo yakishatangazwa na Rais akishaapishwa, huanza kipindi kingine ambacho hakielezwi sana, nacho ni kipindi cha kusubiri. Yupo mkaazi anayesubiri mfereji wake utoe maji, yupo anayesubiri barabara ya kijiji chake, na yupo mzazi anayesubiri ajira ya mwanawe. Yupo pia ambaye mgombea wake hakushinda, naye hujiuliza moyoni iwapo Serikali hiyo ni yake au ni ya wenziwe.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo ambayo mpiga kura ana haki ya kuyataraji kutoka kwa Serikali mpya, mambo ambayo hawezi kuyapata kwake hata angeahidiwa, na mahali pa kuuliza pindi anapoona alichoahidiwa hakijafika.

SERIKALI NI YA WOTE

Jambo la kwanza ambalo kila mwananchi anapaswa kulitaraji halihitaji fedha wala mradi. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, katika kifungu cha 9, inaeleza kwamba mamlaka ya kuendesha nchi yanatokana na wananchi wenyewe, na kwamba usalama na hali njema yao ndiyo shabaha kuu ya Serikali. Kifungu cha 12 nacho kinakataza mtu yeyote kubaguliwa na wenye mamlaka, ikiwemo kubaguliwa kwa sababu ya maoni yake ya kisiasa.

Maana ya vifungu hivyo ni kwamba huduma ya Serikali si malipo ya kura. Kura ni siri, na hata pale jirani wanapojua nani alikuwa upande gani, muuguzi wa kituo cha afya, mwalimu wa skuli, karani wa ardhi na fundi wa maji hawana ruhusa ya kuuliza habari hizo kabla ya kumhudumia mtu. Ifahamike vilevile kwamba Sheha hachaguliwi kwa kura bali huteuliwa, naye ni mtumishi wa wakaazi wote wa Shehia yake. Mkaazi anayestahiki barua ya Sheha anaistahiki awe wa chama chochote au asiwe na chama. Akinyimwa bila ya sababu ya kisheria, hatua inayofuata ni kupeleka malalamiko, na ni vyema yawe ya maandishi, katika Ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Iwapo ametakiwa atoe chochote ili ahudumiwe, hilo ni kosa la rushwa na linapelekwa katika Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Uhujumu wa Uchumi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012.

NAMNA SERIKALI INAVYOUNDWA

Uchaguzi wa kwanza tokea kurejeshwa kwa mfumo wa vyama vingi mwaka 1992 ulifanyika Oktoba 1995. Kwa miaka mingi baada ya hapo, mshindi aliunda Serikali peke yake, na karibu nusu ya wapiga kura walijiona wako nje ya mlango. Mivutano iliyofuata iliwagharimu wananchi sana, na ilizaa Muafaka wa mwaka 2001 na hatimaye maridhiano ya Novemba 2009 baina ya Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni iwapo wanataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na asilimia 66.4 walijibu ndiyo.

Kwa mujibu wa marekebisho ya Katiba ya mwaka huo, Rais huwa na Makamo wawili. Makamo wa Kwanza hutoka katika chama kilichoshika nafasi ya pili, kwa masharti yaliyowekwa na Katiba, na Makamo wa Pili hutoka katika chama cha Rais na ndiye msimamizi wa shughuli za Serikali katika Baraza la Wawakilishi. Mawaziri huteuliwa miongoni mwa Wajumbe wa Baraza hilo kwa kuzingatia uwiano wa viti vya vyama. Hivyo basi, mpiga kura ana haki ya kutaraji kwamba upande ulioshindwa unaotimiza masharti utapewa nafasi yake Serikalini kwa sheria na si kwa hisani.

Hata hivyo, utaratibu huu unategemea vyama vyenyewe kushiriki. Baada ya uchaguzi wa marudio wa Machi 2016, ambao chama kikuu cha upinzani kiliususia, nafasi ya Makamo wa Kwanza haikujazwa hadi Disemba 2020. Mwananchi aelewe kwamba Katiba imefungua mlango, lakini haiwezi kumlazimisha mtu kuingia.

YALIYOMO NA YASIYOMO MIKONONI MWA SERIKALI YA ZANZIBAR

Malalamiko mengi hupotea njiani kwa sababu yamepelekwa kusikohusika. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ndiyo yenye dhamana ya skuli za msingi na sekondari, hospitali na vituo vya afya, maji, ardhi, kilimo, uvuvi, utalii na barabara za Visiwani. Kwa mambo hayo mpiga kura anapaswa kuiuliza Serikali aliyoichagua hapa hapa, na haitakuwa jawabu ya haki kumwambia kwamba jambo hilo linaamuliwa kwengine.

Kwa upande mwengine, ulinzi, polisi, uraia, uhamiaji, mambo ya nje, sarafu na elimu ya juu ni miongoni mwa Mambo ya Muungano yaliyoorodheshwa katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. Mgombea wa Uwakilishi anayeahidi kubadilisha sheria ya uhamiaji anaahidi kitu kisichokuwa chake. Swali la namna hiyo apelekewe Mbunge wa jimbo, ambaye ndiye anayekaa katika Bunge linalotunga sheria za mambo hayo.

KWA NINI MATUNDA HAYAONEKANI MWEZI WA MWANZO

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Uchaguzi hufanyika Oktoba, yaani mwezi wa nne wa mwaka huo wa fedha. Kwa hivyo Serikali inayoapishwa Novemba hurithi bajeti iliyokwisha kupitishwa na Baraza lililopita, na kwa miezi minane inayobaki hutekeleza zaidi mipango iliyokuwepo kuliko mipango mipya.

Katiba hairuhusu fedha kutolewa katika Mfuko Mkuu wa Hazina bila ya idhini ya sheria. Rais, kwa wingi wowote wa kura alizozipata, hawezi kuagiza skuli ijengwe kwa fedha ambazo Baraza la Wawakilishi halijaziidhinisha. Bajeti ya kwanza iliyo ya Serikali mpya hasa ni ile inayosomwa katika Baraza kabla ya Julai ya mwaka unaofuata uchaguzi. Hapo ndipo mwananchi anapopaswa kutega sikio zaidi kuliko alivyofanya kwenye mkutano wa kampeni, kwani ahadi isiyopata fungu katika bajeti bado ni maneno.

Hesabu ni hii. Katika muhula wa miaka mitano, Serikali huandaa bajeti tano, lakini ile ya mwisho huitumia kwa miezi minne tu kabla ya wananchi kurudi vituoni. Kwa hakika ina miaka minne kamili ya kutekeleza mipango iliyoipanga yenyewe. Mwananchi anayedai kila kitu katika siku mia moja anadai kisichowezekana. Lakini na yule anayeambiwa mwaka wa nne kwamba asubiri kwa kuwa Serikali bado ni mpya, naye anaambiwa lisilokuwa sahihi.

MIFANO MIWILI

Wakaazi wa Unguja wanakumbuka giza la mwaka 2008, lililodumu karibu mwezi mmoja, na lile la pili lililoanza Disemba 2009 na kuendelea hadi Machi 2010. Waya mmoja uliopita chini ya bahari kutoka Tanzania Bara tokea mwaka 1980 ulikuwa ndio tegemeo la kisiwa kizima. Umeme ulipokatika, pampu za maji nazo zilisimama, na akina mama walibeba ndoo masafa marefu. Mkataba wa msaada wa Marekani uliogharimia waya wa pili ulikuwa umetiwa saini Februari 2008, kabla hata ya giza la kwanza, lakini waya huo ulianza kazi mwaka 2013. Katikati ya kipindi hicho ulipita uchaguzi wa Oktoba 2010 na Rais akabadilika, naye Dk. Ali Mohamed Shein akaukuta mradi na kuuendeleza. Funzo lake ni kwamba kazi kubwa huvuka muhula mmoja, na kwamba miongoni mwa mambo ya kutaraji kwa Serikali mpya ni kumaliza iliyoyakuta na sio kuyatupa kwa kuwa yalianzishwa na wengine.

Mfano wa pili ni Pensheni Jamii, iliyoanza kulipwa Aprili 2016 kwa wazee wote waliofikia umri wa miaka 70, kwa kiwango cha shilingi 20,000 kwa mwezi wakati huo. Ahadi ya aina hii ni tofauti na jengo. Jengo hulipiwa mara moja, lakini pensheni hulipiwa kila mwezi, mwaka baada ya mwaka, kwa kodi inayokusanywa na fedha za Serikali yenyewe. Mpiga kura anapoahidiwa malipo ya kudumu, ana haki ya kuuliza swali la pili, kwamba fedha hizo zitatoka wapi mwaka ujao na mwaka wa baadae.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Serikali ina daftari lake. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua matumizi ya wizara na mashirika, na taarifa yake huwasilishwa katika Baraza la Wawakilishi, ambako kamati inayosimamia hesabu za Serikali huwaita watendaji na kuwahoji. Huu ndio ushahidi ulio bora kuliko hotuba ya chama tawala au ya wapinzani, kwa sababu unaonesha fedha zilizoidhinishwa, zilizotolewa na kazi iliyofanyika. Mjumbe anayerudi jimboni anapaswa kuwa tayari kuwaeleza waliomchagua yaliyomo katika taarifa hiyo kuhusu jimbo lao.

Ama suala la ajira, wananchi waelewe kwamba kazi za Serikali hutolewa kwa sheria ya utumishi wa umma, kwa nafasi kutangazwa na waombaji kushindanishwa kwa sifa. Kijana aliyebandika mabango usiku kucha hana haki zaidi ya yule aliyelala, na aliyeahidiwa kazi kwa ajili hiyo ameahidiwa kosa.

WAJIBU WA MPIGA KURA

Kura haimalizi wajibu wa raia. Wananchi wanashauriwa kuhifadhi ilani za vyama walizogaiwa wakati wa kampeni, na kuziangalia tena kila bajeti inapopitishwa. Masuala ya taka, masoko na njia za mitaani yaanzie kwa Diwani. Masuala ya maji, skuli, afya na barabara yapelekwe kwa Mwakilishi, ambaye ana haki ya kumuuliza Waziri barazani na kujibiwa mbele ya umma. Mambo ya Muungano ni ya Mbunge. Anayeuliza na aulize kwa uwazi: ahadi ilikuwa ipi, imepata fungu gani, kazi itaanza lini, na nani anaisimamia. Swali la namna hiyo ni gumu kulikwepa.

Ahadi ni deni, na kila deni lina mdai. Katika nchi inayofuata Katiba, mdai ni raia wote pamoja, aliyempigia kura mshindi, aliyempigia mwengine, na hata yule aliyebaki nyumbani siku ile. Baada ya matokeo kutangazwa, hakuna hata mmoja miongoni mwao ambaye jina lake limefutwa katika daftari la wadai.