Urubani: Swali la Kuuliza Kabla ya Kuuza Shamba

Sisi wakazi wa Kitengela tumezoea mlio wa ndege ndogo za mafunzo zinazotoka Wilson kuja kuzunguka juu ya mbuga za Kajiado. Si ajabu basi kwamba vijana wetu wanautamani urubani, na wazazi wako radhi kuuza ekari za urithi ili wakasomee ng'ambo. Swali ninaloulizwa na majirani ni moja: aende Marekani au Ulaya?

Tofauti zipo. Marekani husisitiza saa za kuruka. Mitihani ya nadharia ni michache, lakini tangu mwaka 2013, kufuatia ajali iliyoua watu 50 karibu na Buffalo mwaka 2009, rubani wa shirika la abiria huhitaji kwa kawaida saa 1,500. Ulaya husisitiza darasa: mitihani 13 ya nadharia, kisha kijana aweza kuwa rubani msaidizi akiwa na saa takriban 200. Uingereza nayo ilijitenga na mfumo huo mwishoni mwa 2020, hivyo leseni ya London si leseni ya Paris tena.

Hata hivyo, naona swali lenyewe limeanzia mwishoni. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 ulileta viwango vya pamoja. Haukuigeuza leseni kuwa kibali cha kazi. Kijana aweza kufuzu Florida na asiruhusiwe kuajiriwa huko hata siku moja. Akirejea nyumbani, hana budi kuomba leseni yake igeuzwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, kwa gharama nyingine na kupimwa upya.

Kwa hivyo, mzazi mwenzangu, uliza kwanza: mwanangu ataajiriwa wapi? Ikiwa ni hapa nchini, shule za Wilson zipo, na leseni ya Kenya haihitaji kugeuzwa. Ikiwa ana haki ya kufanya kazi Ulaya au Marekani, na afuate mfumo wa huko. Na kabla ya kulipa karo yoyote, apimwe afya kwa ajili ya cheti cha urubani, kwani macho au moyo waweza kuifunga safari mapema.

Leseni yaweza kugeuzwa baadaye. Shamba likishauzwa, halirudi.