UGONJWA WA SUKARI: DAWA BILA MAFUNDISHO HAITOSHI

«Munganga alinipa vidonge vya sukari. Nilikunywa mwezi moja, nikasikia niko muzima, nikaacha. Juu ya nini nipoteze franga?»

Wapenzi wasomaji, maneno kama haya tunayasikia katika kambi zetu za wafanyakazi. Anayesema hivi si mjinga. Hakuna aliyemwelezea. Malaria inapona, dawa inakwisha. Anafikiri sukari pia ni vile. Kumbe ugonjwa huu unaharibu macho, figo na mishipa pole pole, bila kelele. Miguu inakufa ganzi. Siku moja kiatu cha kazi kinamchuna, yeye hasikii, kidonda kinaoza, mguu unakatwa. Baba anapoteza kazi, watoto wanakosa masomo.

Nani atamfundisha? Munganga ana wagonjwa wengi mlangoni. Lakini kuko mtu mwingine: mfamasia, ni kusema mtu aliyesomea dawa.

Katika mji wa Asheville, kule Marekani, njia hii ilianza kujaribiwa mwaka 1997. Wafanyakazi wa mji wenye sukari waliokubali kuonana na mfamasia mara kwa mara walipewa dawa zao za sukari bila kulipa. Wafamasia nao walilipwa kwa kazi ya kufundisha, si kwa kuuza tu. Walifundisha watu kujipima damu, wakaangalia miguu, wakauliza kila mmoja namna anavyokunywa dawa. Matokeo yalichapwa mwaka 2003: kila walipopima, zaidi ya nusu ya wagonjwa sukari yao ilikuwa nzuri kuliko mwanzoni. Gharama ya dawa ilipanda, lakini gharama nyingine za matunzo zilishuka zaidi. Kampuni yenye kutunza wafanyakazi ifikiri juu ya hesabu hiyo!

Na sisi? Si kila mwenye kuuza vidonge amesomea dawa. Tafuta aliyesomea, kwenye famasi ao hospitali, umuulize:

– Dawa hii ninywe saa ngapi, mbele ao nyuma ya chakula?
– Naweza kuichanganya na dawa nyingine, ao za miti?
– Bukari nikule kiasi gani? (Sombe na lengalenga vijaze nusu ya sahani.)
– Insulini niitunze wapi, kama hatuna frigo?
– Nikitetemeka na kutoka jasho nifanye nini? (Sukari imeshuka: kunywa maji ya sukari mara moja. Mtu akizimia, msimtie kitu kinywani. Mpelekeni hospitali mbio.)

Usiache dawa kwa sababu unasikia nguvu. Nguvu hiyo inatoka kwa dawa.

Na wewe kijana unayejua kusoma: siku baba ao mama anaenda kununua dawa, mfuate na kalamu. Andika yote anayoambiwa. Magharibi, wakati anavua viatu, mwangalilie nyayo. Kazi hiyo haiombi franga hata moja, na inaweza kuokoa mguu wake.