Kuwazuru Wakristo wa Uhabeshi

Somo: Matendo ya Mitume 8:26-39



Mara nyingi vijana wetu hutuuliza, wala si kwa mzaha, kama dini hii si mali ya Wazungu, iliyoletwa kwa meli. Swali hilo halijibiwi kwa makemeo. Basi leo na twende pamoja kwa jirani zetu wa kaskazini, Uhabeshi, yaani Ethiopia, nchi ya milima ambayo kilele chake, Ras Dashen, chapita mita 4,500.

Kwanza tuseme kweli juu ya somo letu. Yule towashi aliyebatizwa na Filipo alikuwa mtu wa ufalme wa Meroe, katika Sudan ya leo. Kanisa la Uhabeshi lenyewe lilipata nguvu katika karne ya 4. Kwa mapokeo ya kale, Frumentius, kijana Mkristo wa Tiro, alitekwa pwani ya Bahari ya Shamu akapelekwa kwa mfalme, huko Aksum. Baadaye Athanasius wa Iskanderia alimweka kuwa askofu. Mfalme Ezana akaamini, na sarafu zake, zilizokuwa na alama ya mwezi, zikatiwa msalaba. Hayo yalikuwa zaidi ya miaka 200 kabla Augustine hajafika Canterbury, mwaka 597.

Sasa tupande Lalibela. Makanisa yake 11 hayakujengwa. Yalichongwa katika mwamba wenyewe. Lile la Mtakatifu George lina umbo la msalaba, nalo limesimama shimoni, paa lake likilingana na ardhi. Mafundi walianza juu wakashuka. Fundi wa kwetu akikosea hubomoa akajenga tena. Kwa hawa, jiwe likikatwa halirudi.

Mlangoni twavua viatu, kama Musa. Wanaume hukaa upande wao, wanawake upande wao. Sala ni za Kige'ez, lugha ambayo leo haisemwi nyumbani. Kuna ngoma, kayamba za chuma, na fimbo za kuegemea, maana watu husimama saa nyingi. (Wale wetu watazamao saa mahubiri yakianza, safari hii si yao.) Kuhani akitoa msalaba, waumini huubusu. Sisi hatuna desturi hiyo, wala mgeni halazimishwi. Lakini asicheke, wala asianze kuwafundisha wenyeji.

Ludwig Krapf alijaribu. Tunamkumbuka kwa kuanza kazi ya C.M.S. Mombasa, lakini kwanza alitumwa Uhabeshi, akafika mwaka 1837. Aliwakuta Waafrika wenye Injili na Zaburi kwa zaidi ya miaka 1,000, akatamani kulitengeneza upya kanisa lao. Mwaka 1842 alitoka Shoa, na alipotaka kurudi alikuta njia imefungwa. Ndipo akageukia kusini, akapita Unguja, na mwaka 1844 akashuka Mombasa.