Nani Kasema Mashine Imekufa?

Ukipita Lunga Lunga Road, Industrial Area ya Nairobi, asubuhi, kabla malori hayajaziba njia, sikiliza karakana zilizojificha nyuma ya magodauni. Mashine za kukereza chuma zinazovuma humo, baadhi yake zilishuka melini kutoka Uingereza kabla ya mafundi wanaoziendesha kuzaliwa. Gia ikikatika meno, fundi hapigi simu kuuliza kama kiwanda cha Colchester bado kinaitambua mashine yake. Anachonga gia nyingine kwa jirani, anapaka grisi, kazi inaendelea. Mota ikiungua inapelekwa kusukwa upya kwa waya wa shaba. Industrial Area mashine hufa siku ile mwenyewe anapokubali kuiuza kwa kilo.

Kompyuta iliyo kwenye ofisi ya ghorofani, juu ya karakana hiyo hiyo, haina heshima hiyo. Yenyewe hutangaziwa kifo kwa tarehe. Tarehe ya karibuni ilikuwa 14 Oktoba 2025, siku Microsoft iliposimamisha masasisho ya bure ya Windows 10. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo, bila shaka. Karani wa stoo aliingia kazini kama kawaida, akachapisha delivari noti zake. Lakini kampuni nyingi zina sera: kifaa kisichopata masasisho ya usalama hakikai kwenye mtandao wa ofisi. Kwa hiyo mashine nzima, zisizo na kasoro yoyote, zinateremshwa ngazi na kurundikwa kando ya mapipa ya rangi.

Microsoft wenyewe waliongeza muda kidogo. Mwenye kompyuta ya nyumbani anaweza kujiandikisha apate masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026. Baada ya hapo ni Windows 11, na mlango wake ni mwembamba. Inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel inadai kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa chache mno zilizosamehewa. Prosesa za kizazi cha saba za kompyuta za mezani zilianza kuuzwa Januari 2017. Windows 11 ilitoka Oktoba 2021. Mtu aliyenunua mashine mpya kabisa, na risiti anayo, aliambiwa imezeeka kabla haijatimiza miaka mitano.

Sasa weka hilo kando ya Linux. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, aliandika kiini cha mfumo huo kwenye kompyuta yenye prosesa ya Intel 386. Prosesa hiyo iliendelea kukubaliwa na Linux hadi mwishoni mwa 2012, miaka 21, wakati Intel yenyewe ilikuwa imeacha kuitengeneza 2007. Si kwamba Linux haizeeshi vifaa. Huzeesha, ila huchelewa sana, na anayetaka kuendelea na msimbo wa zamani hakatazwi kuuchukua na kuutengeneza mwenyewe. Hiyo ndiyo tabia ya karakana ninayoizungumzia.

Mimi ni mtu wa kucheza na kompyuta, si mhandisi, na maoni yangu kuhusu mashine hizi ni haya: kwa kijana wa Makadara, Mbotela au Hazina anayetaka kompyuta ya gemu bila kuuza shamba la babu, hakuna bidhaa bora sokoni kuliko ile ambayo Windows 11 imeikataa. Tunaziita ex-UK, hata zikiwa zimetoka Dubai au Ujerumani. Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Na ndani ya rundo hilo napendelea kizazi cha sita na cha saba kuliko vyote. Sababu ni ya kiufundi lakini haina uchawi. Gemu nyingi za Windows huchezeka kwenye Linux kwa msaada wa programu iitwayo DXVK, inayogeuza amri za picha za Windows ziwe amri za Vulkan zinazoeleweka kwenye Linux. Tangu Novemba 2022 DXVK inadai Vulkan 1.3. Chipu za picha zilizo ndani ya prosesa za Intel za kizazi cha tatu, zile za mwaka 2012 ambazo wauzaji bado wanazisifia, hazifiki hapo. Za kizazi cha sita zinafika. Kwa hiyo mashine ya 2015 hadi 2017 iko mahali pazuri ajabu: Windows imeifungia mlango na Linux imeufungua. Bei yake inashuka kwa sababu ya la kwanza, na thamani yake haishuki kwa sababu ya la pili.

Kabla hujauliza kuhusu kadi ya picha, geuza mashine uangalie mgongo. Hapa vijana wengi hunikasirikia. Wanataka kuzungumza juu ya prosesa na taa za rangi. Mimi nataka kuzungumza juu ya pawa saplai.

Wanaoishi karibu na viwanda wanaijua stima ya huku. Taa hufifia kidogo, friji inaguna, halafu kila kitu kinarudi sawa. Mota kubwa ikianza kuzunguka huvuta mkondo mkubwa kuliko inaotumia ikishashika kasi, na nyumba zilizo kwenye laini moja na kiwanda husikia mvuto huo. Stima yetu ni ya volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde, maana yake mzunguko mmoja huchukua milisekunde 20. Kipimo kinachofuatwa na watengenezaji wa pawa saplai kinaitaka ishikilie kompyuta kwa takriban milisekunde 16 au 17 stima ikikatika kabisa. Haitoshi hata mzunguko mmoja. Ndiyo maana kompyuta inajizima na kujiwasha huku balbu haikuzimika; wewe unalaumu gemu, jirani analaumu Linux.

Stima ikishuka bila kukatika, tofauti kati ya pawa saplai nzuri na mbaya huonekana wazi. Ile iliyoandikwa volti 100 hadi 240, isiyo na kitufe cha kuchagua, huvumilia mteremko mkubwa bila kushtuka. Ile yenye kitufe chekundu cha 115 na 230 mgongoni ni ya muundo wa kale na mara nyingi haina uvumilivu huo. Kinachochekesha ni kwamba pawa saplai ya kijivu ya Dell ya wati 240, isiyopendwa na mtu, kwa kawaida ni ya aina ya kwanza, na lile boksi jeusi lenye maandishi makubwa ya wati 500 linalouzwa kwa bei ya viatu vya mitumba mara nyingi ni la aina ya pili. Wati zilizoandikwa kwenye karatasi ni ahadi tu. Mimi ningebaki na ile ya kijivu, niongeze UPS yenye kirekebishi cha volti, kisha ndipo niwaze mengine.

Kuna mtego mmoja. Kuanzia OptiPlex 9020, Dell iliacha plagi ya kawaida ya pini 24 ikaweka ya pini 8. HP nayo kwenye EliteDesk 800 G1 iliweka ya pini 6. Pawa saplai ya dukani haiingii bila adapta. Uliza kabla ya kulipa. Na ukiweza, chukua kasha refu, lile la mnara, badala ya lile jembamba. Kwenye jembamba kadi ya kawaida haiingii, unabaki kutafuta zile fupi ambazo ni adimu na ghali.

Vumbi nalo. Vumbi la nyumbani huziba feni. Vumbi la karakana ya chuma hupitisha umeme. Kasha la kioo lenye feni sita, wazi pande zote, mita chache kutoka kwa mtu anayesaga vyuma? Hapana.

Kadi yenyewe basi. Kwenye mashine hizi tunatafuta kadi isiyohitaji waya wake wa umeme, inayoridhika na wati 75 zinazotoka kwenye ubao mama. GTX 1050 Ti ya Nvidia, ya 2016, ndiyo inayojulikana zaidi mitaani. Ni kadi ya heshima, lakini Nvidia ilishatangaza kwamba mfululizo wa programu ya dereva namba 580 ndio wa mwisho kwa kizazi chake. Tarehe nyingine ya kifo. AMD wana RX 6400 ya Januari 2022, inayotumia wati 53, ila ina njia nne tu za PCIe, hivyo kwenye ubao wa kizazi cha sita hupoteza kasi kiasi. Hata hivyo ningechukua hiyo. Dereva ya AMD imo ndani ya kiini cha Linux chenyewe, msimbo uko wazi, na mwaka 2025 msanidi anayefanya kazi na Valve, kampuni yenye duka la gemu la Steam, alikuwa bado akiboresha utendaji wa kadi za Radeon za 2012. Miaka 13, na kuna mtu ameketi mahali anazichongea gia mpya.

Karakana zenyewe nazo zina sababu yao ya kupenda makopo haya ya kompyuta. Kuna programu ya bure iitwayo LinuxCNC inayoendesha mashine za kukereza na za kuchonga kwa kompyuta, na mojawapo ya njia zake za kutuma amri ni lile tundu la pini 25 la printa za zamani. Laptopu mpya haina tundu hilo. Baadhi ya kompyuta kuukuu za ofisi bado zinalo.

Turudi kwenye gemu. Aliyejaribu Linux mwaka 2010 akaikimbia alikuwa na haki. Kulikuwa na gemu ya pengwini anayeendesha gari na mambo machache mengine. Mambo yaligeuka Agosti 2018, Valve walipotoa Proton, programu ya kuendesha gemu za Windows kwenye Linux, iliyojengwa juu ya Wine, mradi uliokuwa umeanza 1993. Valve hawakufanya hivyo kwa huruma. Walitaka wasiwe wapangaji wa Microsoft milele, na Februari 2022 wakatoa Steam Deck, kifaa cha mkononi kinachotumia Linux. Sisi tunafaidi mabaki ya vita vya matajiri, na sioni aibu. Kwa sasa gemu nyingi za kucheza peke yako unazibonyeza tu zinafunguka. Nyingine zina matoleo yao ya Linux kabisa: Counter-Strike 2, Dota 2, na Euro Truck Simulator 2 ya mwaka 2012, ambayo mtu anayekaa kando ya Enterprise Road anaweza kuicheza akisikia malori yenyewe dirishani.

Kuna tatizo la bando. Gemu za siku hizi huweza kupita gigabaiti 100, na bando la wiki la kawaida halibebi mzigo huo. Tangu Februari 2023 Steam inaruhusu kompyuta moja kunakili gemu kutoka kwa nyingine kwenye mtandao wa ndani, bila kugusa intaneti isipokuwa kwa uhakiki mdogo. Kila mmoja lazima awe na haki ya gemu hiyo kwenye akaunti yake, lakini ploti yenye rauta moja na kebo ndefu inaweza kupakua mara moja tu. Nashangaa jambo hili halijasambaa.

Kuhusu toleo gani la Linux, sipendi ubishi huo. Mint kwa anayetaka kazi na gemu kidogo, Bazzite kwa anayetaka gemu tupu. Kiswahili si kigeni huku pia: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Kwa kuanza mapema hivyo, ungedhani leo tungekuwa mbali.

Ukinunua, hesabu RAM mbele ya muuzaji. Mwishoni mwa 2025 bei za RAM duniani zilipaa kwa sababu vituo vya data vya akili mnemba vilikuwa vinaimeza, na Desemba mwaka huo Micron walitangaza kwamba wanaachana na Crucial, chapa ambayo wapenda kompyuta wameitegemea miaka mingi. Mashine yenye gigabaiti 16 ndani yake si sawa na ile yenye 8 na ahadi ya kuongezewa kesho. Kama una 8, washa zram, inayobana data ndani ya RAM yenyewe. Inasaidia kuliko wengi wanavyoamini, ingawa haifanyi 8 kuwa 16.

Kisha kuna swali ambalo kila kijana ananiuliza mwisho, akiwa ameshatikisa kichwa kukubali yote: na FC, ile gemu ya mpira iliyokuwa ikiitwa FIFA? Hapana. Tangu FIFA 23 ya mwaka 2022, EA wanatumia kinga yao wenyewe dhidi ya udanganyifu, na kinga hiyo haikubali Linux. Fortnite na Valorant ni vivyo hivyo. GTA Online ilifuata Septemba 2024. Ufundi wa kuzikubali upo kwa baadhi ya kinga hizo. Wenye gemu hawataki tu. Wanadai kwamba mfumo ambao mtumiaji anaweza kuufungua hadi ndani hauaminiki. Naielewa hoja yao, na siipendi, kwa sababu ni ile ile ya kumwambia fundi asifungue mota yake.

Lakini kutopenda kwangu hakumlipii mtu kodi. Kwa mwenye chumba cha gemu kule Mukuru au Maringo, mwenye skrini nne na benchi, wateja wanakuja kwa mpira, na mpira uko kwenye PlayStation. Abaki nayo. Kompyuta ya kukatia tiketi na kuchapisha fomu za ushuru za KRA, ile ya kaunta, ndiyo aiwekee Mint.