Adui Alipitia Nchi Kavu

Leo, wanangu, tunapanda kilima kilicho ng'ambo ya pili ya Afrika, katika kisiwa cha Santiago nchini Cabo Verde. Chini bondeni ni Cidade Velha, mji mdogo wenye mitende, miwa na nyumba za mawe. Huku juu, kiasi cha mita 120 kutoka usawa wa bahari, ndipo ilipo Ngome ya São Filipe. Njia haina kivuli na upepo wa bahari ni mkali, kwa hiyo shikilieni kofia zenu.

Hebu jiulizeni: kwa nini ngome ya kulinda bandari ijengwe mbali hivi na maji?

Zamani mji ule uliitwa Ribeira Grande. Wareno waliuanzisha mwaka 1462 katika kisiwa kisichokuwa na watu, na meli zikazoea kutia nanga hapo. Vasco da Gama mwenyewe alipita Santiago mwaka 1497, kabla hajafika Mombasa na Malindi. Kisha mwaka 1580 mfalme wa Hispania akatwaa na kiti cha Ureno, na maadui zake wakawa maadui wa kisiwa hiki. Novemba 1585 akaja Mwingereza Francis Drake na meli nyingi. Mizinga ya mji ilikuwa imeelekezwa baharini, lakini Drake hakupitia huko. Aliwashusha askari wake, wapata elfu moja, mashariki ya mji, wakatembea usiku juu ya mawe na kuuingia mji kwa nyuma. Wenyeji walikuwa wamekwisha kukimbilia milimani. Mji uliporwa, kisha ukachomwa moto.

Ndiyo maana ngome iko huku. Ilianza kujengwa mwaka 1587, mahali ambapo mlinzi aliweza kuangalia bahari, bonde na nchi kavu kwa pamoja. Ilimalizika mwaka 1593, mwaka uleule ambao watu wa mfalme huyohuyo walianza kujenga Fort Jesus kule Mombasa.

Sogeeni hapa uani, mtazame birika hili na tao lake la matofali. Kisiwani mvua hunyesha miezi michache tu, kwa hiyo maji yaliwekwa akiba. Hata ukuta ungekuwa mnene kiasi gani, askari wenye kiu wangefungua lango wenyewe. Kwangu mimi hili birika lina maana zaidi kuliko mizinga yote.

Lakini ngome hii ililinda nini hasa? Utajiri mkubwa wa mji ulikuwa watu: Waafrika waliokamatwa pwani ya Guinea, wakaletwa hapa kuuzwa na kupelekwa ng'ambo ya Atlantiki. Tukishuka uwanjani mtaiona nguzo ya marumaru ambapo walifungwa na kuchapwa hadharani. Nawaambia wazi, kuta hizi hazikujengwa kwa ajili yao. Mlinzi aliyekesha juu alilinda mali ya bwana, na wao walihesabiwa humo.

Mwaka 1712 Mfaransa Jacques Cassard aliishinda ngome na kuupora mji tena. Haukupata nafuu baada ya hapo, na mwaka 1770 makao makuu yakahamia Praia.

Sasa geukeni, muipe bahari mgongo. Mnaiona ile milima ya ndani? Mabwana walipotawanyika kwa hofu ya maharamia, watumwa wengi walipata mwanya wakatorokea kule. Walijenga vijiji vyao kwenye mabonde ambayo farasi wa mabwana hawakuweza kuyafikia kwa urahisi, wakalima, wakazaa, wakalea. Wajukuu wa vitukuu vyao wangali wanaishi Santiago, na Krioli wanayozungumza ilizaliwa papa hapa, Kireno kikichanganyika na lugha za mababu waliotoka Guinea.