Akili Inapokutana na Hadithi ya Ugenini

Mwanasaikolojia Frederic Bartlett aliwapa wasomaji wa Cambridge, Uingereza, wengi wao wanafunzi, hadithi fupi ya wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini. Waliisoma mara mbili, na baada ya robo saa wakaiandika upya kutoka kichwani. Baadhi yao waliombwa kuiandika tena baada ya miezi, na mmoja hata baada ya miaka 10.

Katika hadithi hiyo, vijana wawili wanakwenda mtoni kuwinda sili. Inatokea mitumbwi ya watu waendao vitani, na mmoja wa vijana anafuatana nao. Huko anaambiwa amejeruhiwa, lakini hasikii maumivu. Anatambua kwamba wenzake ni mizimu. Anarudi kwao, anasimulia yaliyompata, na jua linapochomoza kitu cheusi kinamtoka mdomoni, anakufa.

Wasomaji waliigeuza bila kujua. Mitumbwi ikawa mashua. Uwindaji wa sili ukawa uvuvi wa samaki. Mizimu ikafifia, na kile kitu cheusi kikawa povu au roho inayoacha mwili. Bartlett alieleza matokeo hayo katika kitabu chake cha mwaka 1932: kukumbuka ni kujenga upya, na tunajenga kwa kutumia skima, yaani mpangilio wa maarifa tuliojiwekea tangu utotoni kuhusu jinsi mambo yanavyokwenda.

Skima hutusaidia kusoma haraka, maana hujaza yale ambayo mwandishi hakuyataja. Tatizo ni kwamba hujaza ya kwetu. Mwaka 1979 watafiti wa Illinois, Marekani, waliwapa Wamarekani na Wahindi barua mbili, moja ikisimulia harusi ya Kimarekani na nyingine ya Kihindi. Kila kundi lilisoma haraka zaidi na kukumbuka mengi zaidi kuhusu harusi ya kwao. Bibi harusi wa Kimarekani alivaa gauni la bibi yake, jambo la heshima katika familia. Msomaji mmoja wa Kihindi akalichukulia kuwa limepitwa na wakati. Nazo zawadi ambazo familia ya bibi harusi wa Kihindi ilipaswa kuwapa wakwe ziligeuka, kwa msomaji wa Kimarekani, kuwa zawadi za kupeana. Msomaji wa huku kwetu, aliyezoea mahari kutoka upande wa mume, angeweza kujikwaa papo hapo.

Je, kusoma fasihi kunatufanya tuwaelewe wengine? Mwaka 2013 David Kidd na Emanuele Castano walitangaza katika jarida la *Science* kwamba kurasa chache tu za fasihi bora zilimwezesha msomaji kutambua vyema zaidi hisia za watu kwa kutazama picha za macho yao. Habari hiyo ilienea sana. Lakini mwaka 2018 watafiti waliorudia majaribio 21 ya sayansi ya jamii, likiwemo hilo la Kidd na Castano, hawakuyapata matokeo hayo. Mwaka huohuo, uchambuzi wa David Dodell-Feder na Diana Tamir uliojumlisha tafiti 14 ulionyesha kwamba manufaa yapo, ila ni madogo.

Ninayachukua matokeo haya kwa uzito. Kurasa chache hazimbadilishi mtu, na fahamu zetu hupenda kuirudisha kila hadithi nyumbani. Kwa hiyo mwanafunzi anufaike na pale anapokwama. Chukua riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kama *Shujaa Okonkwo*. Bunduki ya Okonkwo inamuua kijana wa ukoo wake kwa bahati mbaya, naye anahamishwa kwa miaka saba. Asubuhi wanaume wanakuja kuchoma nyumba zake, na rafiki yake mkubwa Obierika yumo. Anayesoma mbiombio ataona usaliti. Anayesimama ataona kwamba wanaitakasa ardhi iliyonajisiwa kwa damu, bila chuki, na kwamba Obierika mwenyewe anabaki akijiuliza kwa nini rafiki yake ateseke hivyo kwa kosa asilolikusudia.

Unapofika mahali kama hapo, weka alama. Andika ulivyodhani, kisha tafuta mwandishi wa pili wa jamii ileile, au muulize aliyelelewa huko. Walimu nao watoe maksi kwa swali zuri la namna hiyo, kwa sababu hapo ndipo skima mpya huanza kujengwa.