Kupotea kwa Pakiti katika Intaneti ya Nyumbani na Namna ya Kuchungua Chanzo Chake

Mtu akizungumza na jamaa yake wa mbali kwa njia ya intaneti, na sauti ikawa inakatika, kwa desturi husema kwamba "mtandao unasumbua". Maneno hayo yamtosha mlalamikaji, lakini hayamtoshi fundi, kwa kuwa yamefunika mambo matatu yaliyo mbalimbali. La kwanza ni wembamba wa njia, yaani uchache wa habari ziwezazo kupita kwa sekunde moja. La pili ni kukawia, yaani urefu wa muda kati ya kutuma na kupokea. La tatu ni kupotea, yaani baadhi ya habari zilizotumwa hazifiki kabisa. Makala haya yanahusu jambo hili la tatu, ambalo mara nyingi hudhaniwa kuwa ni mojawapo ya yale mawili ya kwanza.

Habari zipitazo katika intaneti haziendi kwa mkondo mmoja kama maji katika mfereji. Hugawanywa kuwa mafungu madogo yaitwayo pakiti, ambayo aghalabu hayazidi baiti 1,500, na kila moja huandikwa anwani ya itokako na ya iendako. Njiani pakiti hupokewa na ruta, yaani mitambo isomayo anwani na kuipeleka pakiti kwenye hatua inayofuata. Ruta haikuahidi kufikisha kila kitu. Foleni yake ikijaa, pakiti zinazozidi hutupwa. Na pakiti iliyoharibika njiani hutupwa vilevile.

Upotevu huo una madhara ya namna mbili. Katika mazungumzo, pakiti iliyopotea haifai kutumwa upya, maana wakati wake umekwisha kupita. Ndiyo sababu msikilizaji husikia silabi zimemezwa. Katika kuleta kurasa na mafaili, kanuni iitwayo TCP huagiza pakiti iliyopotea itumwe tena; lakini kanuni hiyo hiyo huuhesabu upotevu kuwa ni dalili ya msongamano, ikapunguza mwendo. Utaratibu huu una asili yake. Mwezi wa Oktoba 1986, kati ya Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, mahali palipoachana kwa yadi 400 tu, mwendo wa habari ulianguka kutoka biti 32,000 hadi biti 40 kwa sekunde. Van Jacobson na Michael Karels walilichungua jambo hilo, na mwaka 1988 Jacobson alitangaza njia ya kumfanya mtumaji apunguze mwendo kila aonapo pakiti zinapotea.

Njia hiyo iliuokoa mtandao, lakini ina gharama yake. Kwa kanuni za asili hiyo, ikiwa pakiti moja katika kila 100 hupotea, na safari ya kwenda na kurudi huchukua sehemu moja ya kumi ya sekunde, mwendo hauwi zaidi ya megabiti 1.4 hivi kwa sekunde, hata kama mwenye nyumba hulipia megabiti 50. Kanuni za baadaye zimepunguza dhara hiyo kwa viwango mbalimbali. Hata hivyo, alipiaye njia pana zaidi hali upotevu ungalipo hununua kitu asichoweza kukitumia.

Chombo cha kwanza cha uchunguzi ni programu iitwayo ping, iliyoandikwa na Mike Muuss wa Marekani mwezi wa Desemba 1983, akaipa jina la mlio wa chombo cha manowari kitafutacho vitu chini ya maji kwa mwangwi. Programu hii hutuma pakiti ndogo, ikangojea jibu, kisha ikahesabu zilizorudi. Idadi ni jambo la maana hapa. Upotevu ukiwa ni mmoja katika 100, mtu atumaye pakiti 10 tu hataona kasoro yoyote katika majaribio 9 kati ya 10. Yafaa zitumwe 500 au zaidi.

Siri ya uchunguzi ni kuigawa njia na kuanza na kipande kilicho karibu. Jaribio la kwanza ni kuiuliza ruta ya nyumbani yenyewe, ambayo mara nyingi anwani yake ni 192.168.1.1 au inayofanana nayo, kwa Wi-Fi. Pakiti zikipotea hapo, kampuni iuzayo intaneti haina hatia. Jaribio la pili ni kurudia lile lile kwa waya. Upotevu ukitoweka, kosa liko katika mawimbi ya Wi-Fi: pengine ukuta mnene, au mitambo ya majirani, au jiko la maikrowevu, ambalo hufanya kazi karibu na masafa yale yale ya gigahezi 2.4. Ukibaki, yapasa kushuku waya au ruta. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jaribio la tatu, kwa waya vilevile, ni kuiuliza ruta ya kwanza ya kampuni, na la nne ni kuuliza mahali pa mbali. Majaribio haya yafanywe nyumba ikiwa kimya, kisha yarudiwe mtu akipeleka faili kubwa. Upotevu uonekanao wakati wa shughuli tu watoka katika foleni iliyojaa, wala si katika waya mbovu. Dawa yake ni kuipangia ruta kiasi cha kutuma.

Ili kuzijua hatua za njiani hutumiwa programu iitwayo traceroute. Kila pakiti huchukua hesabu ya hatua iruhusiwazo, na kila ruta hupunguza moja. Ruta ikutayo hesabu imekwisha huitupa pakiti na kumpelekea mtumaji taarifa. Kwa kutuma pakiti zenye hesabu ya 1, kisha 2, kisha 3, mtumaji huzijua ruta moja baada ya moja. Hapa wengi hukosea. Ruta nyingi huzitanguliza pakiti za kupitisha, na taarifa huziandika kwa uchache au huziacha kabisa. Kwa hiyo ruta ya katikati isiyojibu, hali zile za mbele yake zajibu zote, haikupoteza kitu: imenyamaza tu. Upotevu wa kweli huanzia hatua fulani na kuendelea hadi mwisho wa safari.

Mwenye nyumba aliyefika hapa hana haja tena ya kusema kwamba mtandao unasumbua. Aweza kuiandikia kampuni kwamba kwa waya, kutoka kwake hadi ruta yao ya kwanza, pakiti 40 katika 500 hazikurudi kati ya saa 1 na saa 4 usiku, na kwamba saa 6 mchana zilirudi zote. Malalamiko ya namna hiyo hayajibiwi kwa kuambiwa azime mtambo na kuuwasha tena.